Maswali yenu: Akikutana na yeye mwenyewe, nani ashangae?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naandika hadithi nimefika katikati nimekwama. Jamaa wangu anatoka mwaka 2190 anarudi nyuma miaka 20 kwenye koloni moja huko Mirihi ambalo lilikata mawasiliano ghafla, anataka akaliokoe. Anafika anakuta hewa inapungua, watu hawasalimiani, halafu kwenye chumba cha mitambo anamkuta mtu, kumbe ni yeye mwenyewe ila mzee, ana mvi kidevuni. Wote wawili wanapigwa na butwaa. Rafiki yangu kasoma kasema hapo nimechemka ila hataki kusema wapi. Nimechemka wapi? Na hewa inaweza kupungua kweli bila tundu lolote?

JIBU: Umechemka kwenye hilo butwaa. Kijana sawa, ashtuke mpaka aangushe tochi, lakini mzee ashtuke nini na yeye alishasimama mlango huohuo siku hiyohiyo akiwa kijana, tukio zima analo kichwani, amelisubiri miaka yote hiyo na pengine asubuhi hiyo kachana ndevu kabisa. Mimi ningeandika hivi: kijana anaingia gizani, anashika ukingo wa mlango wa bati, unamkata kidole cha shahada. Mzee hata hajageuka, mkono umeshanyooshwa nyuma una kitambaa, na kwenye kidole kilekile ana kovu. Hapo hujaeleza chochote na msomaji kashajua ni nani.

Wanaweza kushangaa wote wawili kwa njia moja tu, mzee awe ametoka kwenye mkondo mwingine wa wakati. Wazo la ulimwengu kugawanyika matawi lipo kwenye fizikia toka 1957, la Mmarekani Hugh Everett, sema ye alikuwa anaongelea vitu vidogo vya kwantamu, saizi ya atomu, waandishi ndo wakalipakia wasafiri. Ukienda huko kovu halina kazi tena, mzee anaweza hata kumdanganya kijana, na koloni lake lililokufa litabaki limekufa hata hili lingine likipona, maana ni lingine. Chagua njia moja ubaki nayo, ukichanganya zote msomaji atakudaka.

Mimi ningechukua ile ya kwanza. Mwanahisabati Kurt Gödel mwaka 1949 alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ya mvutano na wakati yenyewe haikatazi njia inayozunguka ikarudi ilikotoka, baadaye mwanafizikia Mrusi Igor Novikov akasema sawa, ila chochote msafiri atakachofanya huko nyuma kilikuwemo tayari tangu mwanzo. Kwa hiyo jamaa yako hawezi kuzuia ule ukimya, kwa sababu asingeusikia asingesafiri. Utasema basi hadithi imeisha. Haijaisha bana! Nani kakwambia koloni likikaa kimya limekufa? John White, gavana wa koloni la Waingereza pale Roanoke, Amerika, aliondoka 1587 kufuata mahitaji, vita na Hispania ikamchelewesha, karudi 1590 hakuna mtu, nyumba zimebomolewa, kwenye nguzo limechongwa neno CROATOAN, jina la kisiwa cha jirani, na alama ya msalaba waliyokubaliana kuiweka kama wameondoka kwa hatari haipo. Maiti hakuona hata moja. Basi na koloni lako liwe kimya tu, halijafa, na jamaa yako mwenyewe ndo awe amekata ule waya wa antena kwa mkono wake, akijua kabisa atakuja kuusikia huo ukimya na utamuuma miaka 20.

Sasa hewa. Inapungua vizuri tu bila tundu, ilishatokea hapahapa duniani. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia miaka miwili ndani ya jengo la vioo linaitwa Biosphere 2, Arizona, Marekani, wakilima chakula chao humohumo. Oksijeni ikaanza kushuka, kutoka asilimia 20.9 mpaka kama 14.5 ndani ya miezi 16, ni kama kuishi mlimani mita 4,000 juu, ikabidi waongezewe kutoka nje. Mchawi alikuwa udongo, vijidudu vya mbolea vinakula oksijeni na kutoa hewa ukaa, ila hewa ukaa nayo haikuonekana kuongezeka inavyotakiwa kwa sababu zege la kuta lilikuwa linainyonya kimyakimya, ndo maana waliumiza vichwa sana. Na hao watu 8 walishagawanyika makundi mawili ya wanne wanne, hawaelewani. Yaani koloni lako lote liko pale, kasoro Mirihi. Waweke hao wawili wako kambi tofauti uone moto.

Tahadhari moja: usimfanye mzee ndo amwambie kijana siri ya zege. Kijana akizeeka atakuja kumwambia kijana, sasa nani aligundua? Hamna. Novikov hana shida na hilo, msomaji anayo. Mpe mtu mwingine agundue, hata fundi wa kuta.

SWALI: Kuna mtu ameshasafiri kwenye wakati kweli au ni porojo?

JIBU: Kwenda mbele, ndiyo. Mwanaanga Mrusi Gennady Padalka alikaa angani jumla ya siku 878, kasi ya chombo ikaichelewesha saa yake kama sekunde 0.02 nyuma ya zetu, kwa hiyo aliporudi alikuwa mbele kwa kiasi hicho. Kurudi nyuma bado. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aliandaa pati ya wasafiri wa wakati tarehe 28 Juni 2009, shampeni mezani, kadi za mwaliko akazitoa baada ya pati kuisha. Hakutokea mtu.