Mama mdogo asiletwe huku, apelekwe hospitali ya Bombo, Tanga, kabla mwezi huu haujaisha

Mdogo wangu, meseji yako ya Jumapili kwenye grupu la familia nimeisoma, nimekaa nayo siku mbili bila kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na nisingejibu vizuri. Umeandika mama mdogo vidole vimevimba tangu baada ya Pasaka, asubuhi hata kanga inamshinda kufunga, halafu ukamalizia "dada si yuko Uingereza, huko vipimo vyote ni bure na majibu siku hiyohiyo, tuchange tiketi tu akatibiwe." Wajomba wote wakaweka dole. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi mwenyewe huku nilitibiwaje. Basi leo nasema, na nasema humuhumu mbele ya wote.

Hiyo bure kwanza. Mgeni wa viza ya matembezi akimuona daktari wa mtaa, huku wanamwita GP, halipi, akikimbizwa emajensi halipi, ila akishalazwa au akitumwa kliniki ya daktari bingwa bili inamfuata, na wanamtoza asilimia 150 ya bei ambayo serikali yao inahesabu kwa matibabu hayo. Deni likifika pauni 500 na miezi miwili ikapita hujalipa, jina linaenda uhamiaji na viza nyingine unaweza kunyimwa. Hiyo ndiyo bure mnayomchangia tiketi. Na hiyo "siku hiyohiyo" sijui nani aliwaambia, kwa sababu mimi ninayeishi huku na kukatwa kodi kila mwezi nilichukua miezi kumi na moja kujua naumwa nini.

Hamkujua. Nilificha. Nilikuja Juni 2022 kwa viza ya kea, ile ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, Oktoba vidole vikaanza. Naamka saa kumi na moja alfajiri niwahi kuogesha wazee majumbani kwao, mikono imekakamaa kama ya maiti, siwezi kugeuza ufunguo, siwezi kushika mswaki, mpaka nikae nimeitumbukiza kwenye maji ya moto, na bado inachukua saa mbili kulegea. Siku moja nimefika kwa bibi mmoja wa miaka 91, mimi ndiye nimeenda kumvalisha, yeye ndiye akanifunga vifungo vya yunifomu. Hakusema kitu. Nilienda bafuni kwake nikalia, nikatoka nikaendelea na kazi.

Nikapiga simu kwa GP. Simu inafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, ukipiga na dakika moja uko mtu wa thelathini kwenye foleni, ukifika mbele anakuuliza mtu wa mapokezi, sio daktari, unaumwa nini na ni haraka kiasi gani, unaeleza mwili wako kwa mtu asiyekuona. Nilipata nafasi baada ya wiki mbili na nusu, dakika kumi, saa nane mchana. Saa nane mchana mikono yangu inakuwa imeshalegea! Daktari akaishika, akasema ni kazi unayofanya, pumzisha mikono, meza panadol na ibuprofeni, rudi baada ya wiki sita isipopona. Kwenye kompyuta akaandika hakuna wekundu. Mdogo wangu, ngozi yangu unaijua, wekundu gani utauona hapo? Kiungo kikiwaka kwetu sisi unakigusa unasikia joto, unaona kinang'aa na mikunjo ya ngozi imepotea. Hakugusa.

Nikarudi Januari, daktari mwingine kabisa, naanza hadithi upya. Huyo akanitoa damu. Majibu yakaja kwa meseji ya simu, kipimo cha baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, hakijaonyesha kitu, hakuna hatua zaidi. Nikafurahi, unaamini? Nikawaambia hata wale wa kanisani kwamba niko safi. Sikujua kwamba wapo watu wengi tu wenye ugonjwa huu ambao damu yao haionyeshi chochote, na mimi nilikuwa mmojawao.

Aliyenifumbua macho ni nesi Mkenya niliyekuwa nakutana naye kwa mgonjwa wetu mmoja. Akaniona nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, akaniuliza asubuhi unakakamaa muda gani, nikamwambia. Akasema hiyo sio ya kuchoka, ya kuchoka inauma ukifanya kazi na ukipumzika inatulia, hii yako inakuwa mbaya ukilala na inapungua ukijisogeza, hii ni inflamesheni, mwili unajishambulia wenyewe. Akanionyesha mwongozo wa kitaifa wa huku wa baridi yabisi, umeandikwa wazi mtu akiwa na uvimbe kwenye viungo vidogo vya mikono au miguu atumwe kwa bingwa haraka, ndani ya siku 3 za kazi, HATA KAMA damu ni safi. Akaniambia piga picha mikono kila asubuhi kabla hujaiweka kwenye maji, andika saa uliyoamka na saa vidole vilipolegea, usiende tena kwa daktari na maneno matupu.

Nikaenda na picha. Rufaa ikaandikwa. Hospitali ikairudisha! Eti damu ni ya kawaida, aendelee na dawa za maumivu hukohuko kwa GP. Siku ile niliomba Mungu nife, nakwambia ukweli, sio maumivu, ni kule kuonekana mwongo. Nikarudi mara ya nne, daktari mwanamke kijana, akanibana viganja kwa pembeni hapa vidole vinapoanzia, nikapiga kelele, akaniangalia usoni akasema samahani sana, hii ilitakiwa kwenda mapema. Akaandika upya na picha akaziambatanisha. Hiyo ni Aprili. Barua ya kliniki ikaja na tarehe ya Septemba.

Bingwa wa viungo mwenyewe alinichukua nusu saa. Akanipitishia ultrasaundi mikononi palepale, akanigeuzia skrini, akanionyesha utando wa ndani ya viungo ulivyovimba na damu inavyowaka humo. Akaniandikia eksrei ya mikono na miguu. Baridi yabisi, ile ya kujishambulia, na kwenye vidole viwili vya kulia mfupa tayari umeliwa pembeni. Nikamuuliza utarudi? Akasema hapana, tunachoweza ni kuzuia mwingine usiliwe. Ingepatikana miezi ile ya mwanzo pengine usingeguswa kabisa.

Na mwaka ule ndio mlisema nimebadilika. Aprili mpaka Julai nilituma nusu, mjomba akaandika "Ulaya imemlevya." Kwenye ajira yangu mwaka ule ukiumwa siku tatu za kwanza ulikuwa hulipwi kitu, baada ya hapo ilikuwa pauni 109.40 kwa wiki nzima, chumba changu peke yake kilikuwa kinazidi hapo. Dawa nilikuwa nalipia pauni 9.65 kwa kila aina. Na kukaa nyumbani nilikuwa naogopa, maana viza yangu imefungwa kwa mwajiri, akiniacha napewa kama siku 60 nipate mwingine au nirudi. Kwa hiyo nilimeza vidonge vya maumivu nikaenda kunyanyua watu. Nusu mliyoipata ndiyo ilikuwa ile.

Sasa mama mdogo. Nisikilize vizuri hapa.

Acheni kumwambia ni baridi. Mimi mliniambia ni baridi ya Ulaya, yeye yuko Muheza kwenye joto la kuyeyusha sufuria, imemfikaje? Jina ni baridi yabisi lakini hali ya hewa sio inayokula mifupa. Na msimkande na kumchua kwa nguvu, mnamuumiza.

Dukani msimnunulie tena diklopa za kumeza kila siku, ana presha yule, zile zinapandisha presha na zinachubua tumbo na figo. Na kama kuna muuza dawa kawapa prednizoloni, vile vidogo vyeupe, mniambie leo. Vinamtuliza siku mbili anaanza kutwanga kisamvu mnashangilia, halafu akifika kwa daktari uvimbe hauonekani na anarudishwa nyumbani. Ila kama ameshavimeza wiki kadhaa MSIMKATISHE GHAFLA, ni hatari, mpelekeni navyo mkononi daktari ndiye ampunguzie.

Aanzie hospitali ya wilaya, apewe rufaa ya Bombo, pale aombe daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Wakishindwa waandike hospitali kubwa, KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar. Karatasi zote ziwekwe kwenye bahasha moja, zisipotee hata risiti. Muwe wapole, madaktari wetu wana foleni ya kutisha na hawajalala, salimieni, msubiri. Lakini msikubali kutoka na panadol. Akisema damu safi, mwambieni kwa heshima daktari tunaomba umbane viganja, tunaomba uangalie picha hizi za asubuhi. Aulizwe pia miguu, macho, vipele, kifua, vidonda mdomoni, na mkojo wake upimwe, kwa sababu ugonjwa wa kujishambulia sio mmoja, lupasi nayo inaanza hivihivi na inawapata sana wanawake weusi, na hiyo inakula figo kimyakimya. Akikasirika basi, mtulie. Halafu kesho yake mrudi.

Wakimwanzishia methotreksati, dawa ya kuzuia mwili usijishambulie, ile inamezwa mara MOJA KWA WIKI, ichagueni siku, muiandike ukutani. Mimi yangu ni Jumatatu. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Na damu anapimwa mara kwa mara, ini na zile seli za damu, msiruke kwa sababu ya nauli, nauli niambieni mimi.

Na wewe usinielewe vibaya, usije ukasema dada anazuia watu wasije. Ukipata kazi huku njoo, ningekudanganya nikisema nisingekuja tena, ile nyumba ya bati mnayolala imetoka kwenye hii mikono. Ila usije ukiwa unaumwa na usije ukitegemea kuhurumiwa. Aliyenihurumia kwa mwaka mzima ni bibi wa miaka 91 na nesi wa Kikenya.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo limeniweka macho siku hizi mbili zaidi ya hasira. Mama mdogo alinitumia voisi mwezi wa tano. Alisema "mwanangu mikono yangu asubuhi sio yangu." Nilikuwa kwenye basi, nimechoka, nikamjibu apumzike, nikamtumia elfu thelathini ya dawa za maumivu. Yaani mimi, na haya yote niliyopitia, nilimjibu mama yangu vilevile nilivyojibiwa mimi kwenye ile dakika kumi. Sikumuuliza anakakamaa muda gani. Sikumuuliza kitu.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hajanawa mpige picha mikono yote, juu na chini, karibu na dirisha pasipo flashi, na muulize imelegea saa ngapi, uandike. Hela ya nauli na vipimo nimeshaiweka kwenye namba yako, sio ya mjomba, ni ya hospitali tu. Usimwambie bado kuhusu vidole vyangu. Jumamosi saa nne usiku ya huko nitampigia nimwambie mwenyewe, hakikisha simu yake ina chaji.