Maswali na Majibu: Mfuko Unaouzunguka Moyo

Mfuko wa moyo una kazi gani, na je, mtu aweza kuishi bila huo?

Mfuko huu, uitwao pia perikadiamu, huushikilia moyo mahali pake na kuuzuia usitanuke ghafla kupita kiasi. Majimaji yaliyomo, kwa kawaida mililita 15 hadi 50, huuwezesha moyo kupiga bila msuguano. Hata hivyo, mtu huweza kuishi bila huo, na kifua kikuu kinapouacha umekakamaa na kuubana moyo, madaktari wapasuaji huuondoa.

Mama yangu amekutwa na karibu lita nzima ya maji katika mfuko wa moyo, na bado anatembea. Jirani yetu alichomwa kisu kifuani akafariki kwa damu kidogo tu iliyoingia humo. Imekuwaje?

Tofauti ni kasi. Utando wa nje ni mgumu, hautanuki upesi. Mililita 200 za damu zikimiminika ndani ya dakika chache, vyumba vya moyo, hasa vya kulia vyenye kuta nyembamba, hubanwa vikashindwa kujaa, na presha hushuka. Maji yakikusanyika kwa wiki kadhaa, utando hupata muda wa kutanuka. Lakini ukifika kikomo chake, nyongeza ndogo tu huleta hatari ileile, kwa hiyo naomba sana kutembea kwa mama yako kusiwatulize. Akianza kuhema, mishipa ya shingo ikivimba au akizimia, mfikisheni hospitali mara moja. Huko daktari huyatoa maji kwa sindano ndefu akiongozwa na picha ya ultrasaundi, na mara nyingi presha huanza kupanda baada ya kutolewa kiasi kidogo tu. Maji hayo yapimwe, ili chanzo chake kitibiwe.

Kifua huniuma zaidi nikilala chali, nikiinama mbele napata nafuu. Je, ni moyo?

Dalili hizo hufanana na za uvimbe wa mfuko wa moyo, ambao mara nyingi huletwa na virusi, lakini kipimo cha umeme wa moyo ni lazima ili shambulio la moyo lisije likapita bila kugunduliwa. Tiba ya kawaida ni aspirini au ibuprofeni pamoja na kolchisini, ambayo huendelea kwa miezi 3 hata maumivu yakiisha, maana ndiyo hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Ni kweli kwamba vali za moyo hutengenezwa kwa mfuko wa moyo wa ng'ombe?

Ni kweli, utando huo huimarishwa kwa kemikali kisha hushonwa kuwa vali. Utando wa mgonjwa mwenyewe nao hutumika kuziba tundu ndani ya moyo wake.