He 162 ya kubuni: jua kwanza nani angeiagiza, kisha ndiyo ushike kisu

Mkuu, umeuliza uanzie wapi ukitaka kuunda modeli ya He 162 ya kubuni, yaani toleo ambalo halikuwahi kujengwa la ile jeti ya kivita ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kampuni ya Heinkel, yenye injini mgongoni, na kama inatosha kuipachika mkia wa V na mabawa yaliyorudi nyuma. Mimi nimeunda ya viti viwili kutoka boksi la modeli ya plastiki la kampuni ya Tamiya la 1:48 (mara 48 ndogo kuliko ndege halisi), kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Mkia wa V ningeuacha. Heinkel wenyewe waliuchora, na mabawa yaliyorudi nyuma pia, hivyo utakuwa unajenga michoro yao tu. Ndege ya kubuni inasimama pale inapokuwa na mtu aliyeihitaji. Jiulize ni nani angeiagiza, mwaka gani, na ana shida gani. Ukipata jibu, kila utakachokikata kitakuwa na sababu yake.

Yangu ni ya Ufaransa, 1947. Baada ya vita Wafaransa walipewa He 162 kadhaa na marubani wao wakazirusha. Moja bado ipo katika makumbusho ya Le Bourget, nje kidogo ya Paris. Zote zilikuwa za kiti kimoja. Fikiria rubani aliyezoea ndege za pangaboi akipanda peke yake kwenye kitu kile: injini ya BMW 003 yenye msukumo wa kilo 800 hivi, mafuta ya kama nusu saa, na usukani ambao Mwingereza Eric Brown aliyeirusha aliusifu sana huku akionya kwamba ule wa mkia si wa kuchezea. Hapo mwalimu anahitajika. Wajerumani nao waliliona hilo, wakatengeneza ya viti viwili isiyo na injini, maana mpango ulikuwa vijana wa Hitler wafundishwe kwa ndege hizo zisizo na injini kisha wapelekwe vitani. Yangu ina injini.

Nilichagua Ufaransa kwa sababu nyingine pia. Ndege hizi zilijengwa kwa jasho la wafungwa wa kambi za mateso, wakiwemo wale waliofungiwa ndani ya mgodi wa Hinterbrühl karibu na Vienna. Sikutaka kubuni hadithi ambamo Wanazi bado wanatawala mwaka 1946 ili tu nipate modeli ya kupendeza. Hapo kila mtu ana msimamo wake, wangu ndio huo.

Sasa kwenye plastiki. Kishawishi ni kuchimba kiti cha pili nyuma ya kile cha kwanza. Usifanye hivyo. Mdomo wa injini uko karibu kabisa juu ya kisogo cha rubani, ndiyo maana ndege hii ilipewa kiti cha kurusha kwa baruti. Ukichimba nyuma, mwalimu anakaa chini ya injini, na tangi la mafuta umelila. Nilikata bodi mara moja, nyuma ya chumba cha rubani, nikaingiza kipande cha milimita 19, yaani kama sentimita 90 za ndege halisi. Kipande nilikijenga kwa tabaka za karatasi ya plastiki, puti, kisha msasa wa maji mpaka ukipitisha kucha huhisi kiungo.

Urefu huo unaleta deni mbili. Uzito unasogea mbele, kwa hiyo nilitoa mizinga miwili ya milimita 20 na risasi zake nikaziba matundu. Kila mzinga ulizidi kilo 40, hivyo mwalimu na kiti chake wanachukua nafasi ya uzito huo. Deni la pili wengi hulisahau: pua ndefu huongeza ubavu wa mbele, na ndege inaanza kuyumba kulia na kushoto. Dawa yake ni mapezi makubwa zaidi. Yale mawili yaliyo kwenye ncha za mkia niliyaongezea milimita tatu kwenda juu. Hayo yamewekwa pembeni ili moshi wa injini upite katikati, kwa hiyo usije ukaongeza la tatu pale kati.

Kioo cha kumfunika rubani kilinichosha kuliko vyote. Cha asili hufunguka kwa kuinuka kuelekea nyuma, na kwa viti viwili cha nyuma kingegonga injini. Nikavifanya vyote vifunguke kuelekea kulia, kama vya Me 262, jeti nyingine ya kivita ya Wajerumani. Nilichonga umbo kwa mti laini, nikapasha moto plastiki angavu ya pakiti, nikaivuta juu yake. Tengeneza vingi, uchague kimoja.

Mabawa ni ya mbao, na hapa usicheze na historia. Tarehe 10 Desemba 1944, siku nne tu baada ya kuruka mara ya kwanza, ndege ya kwanza ilivunjika bawa hewani kwa sababu ya gundi mbovu na rubani Gotthold Peter akafa. Karakana yoyote ya 1947 ingekagua mabawa hayo kwanza. Kwa hiyo ziba mistari ya plastiki juu ya mabawa, usiweke ribiti hata moja, na yapake rangi. Mbao haiachwi wazi. Bodi ni ya chuma chepesi, hiyo niliiacha ing'ae. Duara la Ufaransa lina buluu katikati na nyekundu nje. La Mwingereza ni kinyume chake.

Jambo la mwisho ni modeli yenyewe: He 162 ya boksi hukalia mkia, pua ikabaki juu, usipoiwekea uzito puani. Nafasi ya mizinga niliijaza chubwi za wavuvi kabla ya kufunga bodi. Ijaribu juu ya magurudumu ikiwa imeshikwa kwa utepe tu, injini ikiwa mahali pake, ndipo uweke gundi.

Ukishaamua nani kaiagiza yako, weka hapa mchoro wa ubavuni kabla hujakata. Nitauangalia.