Zinki haina sumaku, mbona ndo inaharibu zaidi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma fizikia mwaka wa pili hapa Mlimani. Darasani tumeambiwa kwenye superkondakta (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana) uchafu, yaani atomu ngeni, wenye sumaku ndo adui, usio na sumaku hauna neno. Sasa nasoma kwamba kwenye zile za shaba, za joto la juu, zinki inaua kuliko nikeli. Imekuwaje? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulichofundishwa ni sahihi kabisa ila ni cha superkondakta za zamani, risasi, aluminiamu na wenzake. Kule elektroni zinatembea mbili mbili, spini (kasumaku kadogo ka kila elektroni) moja juu nyingine chini, ukitia atomu yenye sumaku inazivuruga na jozi inavunjika.

Sasa njoo kwenye ile ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ya 1987. Inaanza kupitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 92 hivi, yaani nyuzi 181 chini ya sifuri (hilo ndo "joto la juu" lenyewe, usifikirie Januari ya Dar). Badilisha asilimia moja tu ya shaba iwe zinki, ileile wanayopaka kwenye mabati, unapoteza kama kelvini 10, ukiongeza ikafika mbili unashuka chini ya 77, joto ambalo nitrojeni ya maji inachemkia, na hapo haikusaidii tena kupoza. Nikeli ina sumaku yake lakini haifikishi hata nusu ya huo uharibifu.

Sababu ni kwamba huku jozi haziko sawa pande zote, upande mmoja wimbi lao lina alama ya kujumlisha, ukigeuka nyuzi 90 ni ya kutoa, kwa hiyo elektroni ikigonga kitu ikabadili njia, alama zinachanganyika na jozi inakufa, sumaku iwepo isiwepo. Na zinki inagongwa vibaya mno. Halafu sasa utamu wenyewe: spini za shaba zimepangana kama drafti, kila moja inamkazia jirani yake kinyume. Ng'oa moja uweke zinki isiyo na spini, majirani wanabaki bila wa kumkazia, na sumaku inachomoza PEMBENI ya zinki, kwenye shaba! Miaka ya 1990 kundi la Henri Alloul huko Orsay, Ufaransa, waliiona kwa kupima viini vya itriamu vilivyo jirani na hizo shaba. Mwaka 2000 J.C. Davis na wenzake wa Berkeley wakapitisha sindano ya mikroskopu juu ya kristali nyingine ya shaba, yenye bismuthi, na kila penye zinki wakakuta doa kali lenye mikono minne kama msalaba.

Mi nadhani walimu wangeanzia hapo kwenye doa, mngeelewa haraka.

Ila uchafu si mbaya popote. Kwenye yale matofali ya superkondakta yanayoelea juu ya sumaku wanatia kwa makusudi chembe za kijani za itriamu, bariamu, shaba na oksijeni hiyohiyo kwa vipimo tofauti, zenyewe hazipitishi umeme, kazi yake ni kushikilia mistari ya nguvu ya sumaku isitembee ndani ya tofali. Hizo hazichukui nafasi ya shaba, zinakaa katikati kama chembe tu, ndo maana zile 92 zinabaki palepale.