Ndiyo, nawapelekea wazungu mablanketi

Mliicheka sana ile picha nimebeba mablanketi, na mdogo wangu akauliza kwenye kundi la familia: "Kaka, wazungu nao wa kusaidiwa blanketi? Serikali yao iko wapi?" Basi nijibu bila kupamba.

Hapa Leeds, Uingereza, nimejiunga na vijana wa mtaani, wengine wa msikitini, wengine wa kanisani. Tangu Novemba, kila Jumamosi tunawazungukia wawili wawili wazee wanaoishi peke yao. Nyumba zenyewe ni za matofali, za enzi za Malkia Victoria, zinavuja upepo kila pembe. Tunaziba chini ya milango, tunabandika karatasi ya foili inayong'aa nyuma ya redieta, ile hita ya ukutani, ili joto lisiishie ukutani, tunaacha chupa ya maji ya moto na kipimajoto.

Kuna bibi mmoja alitufungulia mlango kavaa koti na kofia. Sebuleni kwake nyuzi 11! Gesi yake ni ya kulipia kwanza, kama LUKU yetu ya umeme: unakwenda na kadi dukani, unaweka pesa. Kiangazi chote hakuweka kitu, akidhani anabana matumizi. Kumbe kuna tozo ya kila siku, utumie usitumie, nayo inajikusanya deni. Oktoba akaweka pauni 20, mita ikazila karibu zote. Tangu hapo anaiogopa kuliko baridi. Desemba saa kumi giza limeshaingia, yeye anapanda kitandani na chai yake.

Serikali ipo. Inatoa hela ya baridi kwa wastaafu, pauni 200 au 300. Mwaka 2024 wengi walikatwa, 2025 wakarudishiwa, isipokuwa wenye kipato cha kuzidi pauni 35,000 kwa mwaka. Ila hela hiyo huja mara moja tu, na baridi hukaa miezi mitano.

Sasa lile nililowaficha. Jumamosi nawahubiria wazee chumba kisishuke nyuzi 18, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Siku moja nikarudi na kipimajoto kwangu. Tunaishi wanne, tumekubaliana hita saa mbili tu kwa siku. Kikasoma 13. Yule bibi aliponishika mkono kuniaga alishtuka: "Mbona wewe wa baridi kuliko mimi?"

Mama, ile hela ya bati itakuja Machi, bili zikishuka.