Delosperma Yangu Inaoza Katikati

SWALI: Nina delosperma ya maua ya zambarau mbele ya nyumba. Mwaka wa kwanza ilitanda kama zulia. Baada ya msimu wa mvua, katikati imegeuka kahawia na nikivuta mashina yanakuja bila mizizi. Naimwagilia kila jioni. Ni ugonjwa gani?

JIBU: Mizizi imeoza, na chanzo ni maji. Fangasi huja baadaye, ikikuta mizizi imekwisha kukosa hewa. Delosperma ni mmea wa kusini mwa Afrika, wa miteremko yenye mawe, na jani lake nene ndilo ghala lake la maji. Litazame kwa karibu: lina vipovu vidogo vinavyong'aa kama punje za barafu. Mmea wenye akiba hiyo hauhitaji maji kila jioni.

Anza kwa kuokoa kilicho hai. Kata mashina ya pembeni yenye urefu wa sentimita 5 hadi 8. Kidonda kikiwa cheupe au kijani na kigumu, shina ni zima. Kikiwa cha kahawia na kuteleza, endelea kukata mpaka ufike penye uzima. Ondoa majani ya chini, uviache vipandikizi kivulini siku 1 au 2 vidonda vikauke. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa vipandikizi kuoza. Vichomeke kwenye mchanga mkavu wa chembe kubwa, subiri siku chache, ndipo unyunyize kidogo. Mizizi hutoka baada ya wiki 2 hadi 4.

Wakati huo pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usipande hapo kabla ya kuinua tuta la sentimita 15 hadi 20. Changanya sehemu 1 ya udongo wa bustani na sehemu 2 za changarawe ndogo na mchanga wa chembe kubwa. Kutupia mchanga kidogo kwenye mfinyanzi hakusaidii. Udongo huzidi kushikana. Mchanga wa baharini una chumvi, uache.

Panda kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40. Tandaza tabaka la changarawe la sentimita 2 chini ya majani ya mmea, si majani makavu wala mboji, maana hivyo hushika unyevu shingoni mwa mmea, pale pale uozo unapoanzia. Miche ikishashika, usimwagilie kwa ratiba. Ngoja majani yaanze kusinyaa, ndipo uloweshe udongo hadi chini.

SWALI: Yangu imenawiri, lakini mashina ni marefu na maua ni machache. Hupata jua asubuhi tu, na naiwekea mbolea kila wiki 2.

JIBU: Acha mbolea hiyo kabisa. Naitrojeni huotesha majani na kulainisha mashina. Jua nalo halitoshi: inataka angalau saa 6 za jua lisilozuiwa kila siku, kwa hiyo ihamishie penye jua zaidi. Usiyahukumu maua siku ya mawingu au jioni, kwani hujifunga yenyewe na kufunguka tena jua likiwaka.

SWALI: Naweza kupanda mbegu zake?

JIBU: Ndiyo, ila aina chotara hazitoi maua yanayofanana na mzazi. Chuma vidonge vya mbegu vilivyokauka, kisha kidondoshee kimoja tone la maji. Baada ya muda mfupi vifuniko vyake hufunguka kama nyota, mbegu zikaonekana wazi. Porini, matone ya mvua ndiyo huzirusha. Zisambaze juu ya mchanga wenye unyevu bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote.