Maswali na Majibu: Kocha Mike Leach na mchezaji aliyewekwa gizani

Makala yangu iliyopita ilimhusu Mike Leach, kocha aliyetimuliwa na Chuo Kikuu cha Texas Tech tarehe 30 Desemba 2009 kwa tuhuma za kumtendea vibaya mchezaji aliyekuwa ameumia kichwa. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na wengi wenu mmemtetea kocha. Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, ni ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kugongana mwili kwa mwili. Timu za vyuo huko hujaza viwanja na kocha hulipwa mamilioni. Nimechagua maswali machache niyajibu kwa zamu.

Shikamoo mwandishi. Wengine wanasema kijana alifungiwa stoo, wengine wanasema hakufungiwa. Tumwamini nani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tuanze na yale ambayo pande zote mbili hazibishanii. Katikati ya Desemba 2009 timu ilikuwa inajiandaa kwa Alamo Bowl, mechi ya kufunga msimu huko San Antonio. Adam James, mpokeaji wa pasi, aliumia kichwa mazoezini na daktari akamwambia amepata mtikisiko wa ubongo, asifanye mazoezi. Akaja uwanjani amevaa nguo za kawaida na miwani ya jua, kwa sababu mwanga ulikuwa unamsumbua. Leach hakupendezwa. Akaagiza kijana aondolewe pale, awekwe mahali penye giza. Msimamizi wa tiba wa timu akampeleka kwenye banda la vifaa kando ya uwanja, akabaki humo wenzake wakiendelea na mazoezi. Siku mbili baadaye ikawa vilevile, safari hii katika chumba cha waandishi wa habari.

Ubishi unaanzia hapo. Upande wa mchezaji ulisema aliamriwa asimame, asikae wala kuegemea, na kwamba mara ya pili alijikuta kwenye kichumba cha mitambo ya umeme. Upande wa kocha ukajibu kwamba hakuna mlango uliotiwa kufuli, na kwamba kile kichumba aliingia mwenyewe akajipiga video kwa simu.

Mimi naona habari ya kufuli inatupotosha. Mwanafunzi ambaye nafasi yake kwenye timu na udhamini wake wa masomo viko mikononi mwa kocha hahitaji kufungiwa kwa ufunguo ndipo abaki alipowekwa. Akiambiwa "kaa humo", atakaa. Ninalouliza mimi ni hili: mgonjwa alitengwa gizani kwa amri ya nani, na kwa sababu gani? Amri ilikuwa ya kocha. Kuhusu sababu, kila ushahidi niliousoma unanielekeza kwenye hasira ya kocha kwa kijana aliyemwona mvivu na mtovu wa nidhamu.

Kaka, daktari wa timu aliandika kwamba kijana hakupata madhara. Sasa kosa liko wapi? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli aliandika. Ila maneno yake yasome polepole: alisema kwamba, kwa maelezo aliyopewa, James hakuongezewa hatari wala madhara. Hiyo ni kauli ya baada ya tukio, inayojibu kama kijana alidhurika. Haisemi kwamba kumweka bandani ilikuwa tiba aliyoiandika yeye.

Mtikisiko wa ubongo hutokea pale kichwa kinapopigwa au kutikiswa kwa nguvu mpaka ubongo unachezacheza ndani ya fuvu. Si lazima mtu azimie. Anaweza kusimama, akaongea, akakujibu vizuri, huku kichwa kinamuuma, mwanga unamchoma macho, kelele zinamkera na mawazo hayatulii. Ndiyo maana wenye maradhi haya huonewa: kwa macho ya nje mgonjwa anaonekana mzima anayejidekeza. Akipigwa tena kabla hajapona, hatari huwa kubwa zaidi, na kwa vijana imewahi kuua.

Watetezi wa Leach husema alimsaidia, maana mwanga ulikuwa unamsumbua na gizani kuna nafuu. Miaka ile ni kweli wengi walishauri kupumzika penye giza. (Siku hizi madaktari hupendelea mapumziko ya siku moja mbili, kisha kurudi kwenye shughuli kidogokidogo.) Lakini mgonjwa anayehitaji giza unampeleka chumbani kwake, unamlaza, na daktari anajua yuko wapi. Humwondoi mbele ya wenzake kwa ukali ukamweka kwenye banda la vifaa. Kijana alielewa kabisa kwamba anaadhibiwa, na wachezaji wengine wote walielewa. Na mchezaji mwingine atakayeumia kichwa wiki inayofuata atamwambia nani?

Wala haiwezi kusemwa kwamba mwaka 2009 watu walikuwa hawajui. Mwezi Mei mwaka huohuo jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kwanza Marekani ya kuwalinda wanafunzi wenye majeraha ya kichwa michezoni, baada ya mvulana wa miaka 13 kurudishwa uwanjani akiwa ameumia na kupata ulemavu. Oktoba viongozi wa ligi ya kulipwa, NFL, walihojiwa Bungeni kuhusu jambo hilihili. Mapema Desemba, wiki mbili hivi kabla ya tukio la Lubbock, mji wa Texas Tech, NFL ikakaza kanuni zake: mchezaji mwenye dalili asirudi mchezoni siku ileile. Nchi nzima ilikuwa inalizungumza.

Je, ni kweli alifukuzwa ili chuo kisimlipe dola 800,000? (Msomaji, Nairobi)

Tarehe ndizo zinazotia shaka. Leach alikuwa na mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 12.7, uliotiwa saini Februari 2009 baada ya mazungumzo marefu na machungu. Ndani yake mlikuwa na bonasi ya dola 800,000 ambayo angeipata kama angekuwa bado kazini tarehe 31 Desemba. Alifukuzwa tarehe 30.

Mfuatano ulikuwa hivi. Baada ya malalamiko ya familia, chuo kilimtaka kocha aandike barua ya kuomba radhi. Akakataa. Tarehe 28 akasimamishwa. Mawakili wake wakakimbilia mahakamani Lubbock kuomba zuio la muda ili aiongoze timu kwenye Alamo Bowl. Asubuhi ya tarehe 30, kesi ikiwa inakaribia kuanza kusikilizwa, mwakilishi wa chuo akamkabidhi wakili wa Leach barua ya kumfukuza. Zuio halikuwa na maana tena. Chuo kilitaja ukaidi: kwamba alikataa kushirikiana kulimaliza lalamiko.

Mimi siamini kwamba wakuu wa chuo waliitunga habari ya banda ili waokoe fedha. Tukio lilikuwepo. Ila naamini kwamba watu waliokuwa tayari na kinyongo naye tangu mazungumzo ya mkataba walipata sababu na hawakuipoteza. Walikuwa na jukumu la kuchunguza kwa utulivu, kuhoji kila shahidi na kutoa uamuzi wenye sababu zinazoeleweka. Badala yake waliharakisha, na haraka yao ikampa kocha nafasi ya kusimama mbele ya umma kama mdhulumiwa. Tangu siku ile watu wakawa wanaulizana kuhusu dola 800,000. Kijana aliyeumia akasahaulika.

Kwa nini mahakama haikumpa haki yake kama aliona ameonewa? (Msomaji, Kigoma)

Alishtaki, mdogo wangu. Tatizo ni kwamba Texas Tech ni chuo cha umma, na sheria ya Texas inaipa serikali na taasisi zake kinga ya kutodaiwa fidia mahakamani pasipo ridhaa ya jimbo lenyewe. Mahakama ya rufani ilikubali kwamba kinga hiyo ipo, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Texas ikakataa kulipokea shauri lake. Kwa hiyo hakuna baraza la wazee wa mahakama lililowahi kuketi na kuamua kama alikuwa na hatia au la. Leach alilalamikia jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake, na hapo nakubaliana naye. Chuo kinachosaini mkataba wa mamilioni hakikupaswa kujificha nyuma ya kinga hiyo.

Baba wa mchezaji ndiye aliyemponza kocha. Mbona hukumgusa? (Msomaji, Muscat)

Namgusa leo. Craig James alichezea NFL, na wakati ule alikuwa mchambuzi wa ESPN, kituo kikubwa kuliko vyote kwa habari za michezo Marekani. Kambi ya Leach ilidai kwamba alikuwa akiwapigia makocha simu kumtafutia mwanawe nafasi ya kucheza. Na ni kweli haikupendeza kituo anachofanyia kazi kutangaza mgogoro ambao yeye ni mhusika. Leach aliishtaki ESPN na James mwenyewe pia.

Haya, tuseme baba alikuwa msumbufu kweli. Usumbufu wake haubadilishi kilichotokea bandani. Ninachokiona mimi ni kwamba Adam James alikuwa na baba mwenye namba za simu za wakubwa wa chuo, ndiyo maana tukajua. Wengi katika timu hizi ni watoto wa familia za kawaida, na mama wa mchezaji anayefanya kazi zamu ya usiku hapokewi simu na mkuu wa chuo. Nikisikia mtu anamcheka kijana kwa kuwa "mtoto wa baba", huwa nawafikiria hao wengine.

Si angehama chuo tu? (Msomaji, Dodoma)

Mwaka 2009 mchezaji wa ngazi hiyo akihama alilazimika kwa kawaida kukaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha yeye aliweza kuondoka leo na kuanza kazi kwingine kesho. Ni mwaka 2021 tu ndipo wachezaji wa mpira wa Kimarekani waliporuhusiwa kuhama kwa mara ya kwanza bila adhabu hiyo, na mwaka huohuo ndipo walipoanza kuruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao.

Mwandishi, wewe unamwonea Leach peke yake. Makocha wote wakali wako hivyo. (Msomaji, Mombasa)

Hayuko peke yake, na sijasema hivyo. Ndani ya wiki tano hivi za majira yale makocha watatu waliondoka. Mark Mangino wa Kansas alijiuzulu mapema Desemba 2009 baada ya uchunguzi wa namna alivyowatendea wachezaji. Akafuata Leach. Tarehe 8 Januari 2010 Jim Leavitt wa South Florida akafukuzwa kwa tuhuma za kumkamata mchezaji kooni na kumpiga wakati wa mapumziko ya mechi. Leavitt alikana, na baadaye yeye na chuo wakamalizana kwa malipo.

Lakini ukitaka kujua kwa nini naandika kwa uchungu, soma habari za Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei 2018 alikuwa anakimbizwa mazoezini pamoja na wenzake, mwili ukapata joto kupita kiasi, akaanza kuishiwa nguvu. Tiba ya hali ile inajulikana na ni rahisi: mgonjwa aingizwe mara moja kwenye maji ya barafu. Hakuingizwa. Zaidi ya saa nzima ilipita tangu dalili zianze mpaka gari la wagonjwa linaondoka naye. Alifariki tarehe 13 Juni, akiwa na miaka 19. Kocha mkuu, DJ Durkin, alisimamishwa Agosti. Mwishoni mwa Oktoba bodi ikataka arudi kazini, wachezaji na wananchi wakapaza sauti, na siku iliyofuata rais wa chuo akamfukuza.

Mzee wangu wa Mombasa, ukali sina ugomvi nao. Kocha amkimbize mchezaji mzima mpaka atoe jasho la mwisho, amfokee, amweke benchi. Akishaumia au kuugua, hapo mamlaka ya kocha yanakoma na ya daktari yanaanza.

Je, Leach alipata kazi tena? (Msomaji, Bujumbura)

Alipata. Aliifundisha Washington State kuanzia msimu wa 2012 hadi 2019, kisha Mississippi State, hadi alipofariki Desemba 2022 akiwa na miaka 61. Alikuwa na kipaji kikubwa: akiwa Texas Tech alishinda mechi 84, kuliko kocha yeyote wa chuo kile, na mwaka 2008 aliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas iliyokuwa namba moja nchini zikiwa zimebaki sekunde chache. Mfumo wake wa kurusha pasi mfululizo unatumika mpaka leo.

Mpwa wangu anacheza sekondari hapa Texas. Aligongwa kichwa Ijumaa na kocha anataka acheze wiki ijayo. Tufanyeje? (Msomaji, Houston)

Dada yangu, sheria iko upande wenu. Tangu mwaka 2011 Texas ina sheria inayowahusu wanafunzi wa shule: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe mchezoni papo hapo, na asirudi mpaka daktari aandike kwa maandishi kwamba ni salama, na mzazi au mlezi atie saini. Kocha haruhusiwi kumruhusu. Hata kama anampenda mtoto, hata kama mechi ni ya fainali, uamuzi si wake.

Mpelekeni kwa daktari leo, msisubiri. Kila shule ya huko inayoshindana inatakiwa kuwa na timu maalumu ya kusimamia majeraha haya, ikiwa na daktari. Ulizeni ni akina nani na muombe utaratibu wao kwa maandishi. Mama yake asisaini karatasi yoyote ya kumrudisha kabla ya barua ya daktari. Na akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kuchanganyikiwa, au maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, pigeni namba ya dharura, 911, hapohapo.